Mshahara wa sista unakwenda wapi? Huu mwaka wa 16 nipo utawani, naeleza tunavyoishi

Sista wa Wodi ya Wazazi (mwanzisha uzi)

Tumsifu Yesu Kristo, wanajamvi. Na kwa ndugu zangu wa imani nyingine, habari za jioni.

Wiki iliyopita nilipanda Coaster kutoka Makambako kwenda Njombe. Nyuma yangu walikaa akina mama wawili, na kwa kuwa shela haijifichi, mazungumzo yao yakanigeukia. Mmoja akasema, "Hawa hela wanazo. Mshahara mzima, hana mtoto, hana mume, kodi ya nyumba halipi. Zinakwenda wapi?" Mwenzake akamjibu, "Zinakwenda Roma." Nikageuka, nikawasalimia, tukacheka pamoja. Kabla sijawajibu sawasawa mmoja akashuka, na mwenzake akawa ameshika simu. Jibu limenikaa kifuani tangu siku ile, ndiyo maana nimekuja hapa. Mkubwa wangu wa jumuiya anajua ninaandika. Shirika langu na hospitali ninayofanyia kazi sitavitaja, kwa kuwa baadhi ya mambo nitakayoeleza yanawagusa watu ambao bado tunaishi nao.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nimeajiriwa na serikali katika hospitali ya Kanisa ambayo ni hospitali teule ya wilaya, kwa hiyo nalipwa kama muuguzi mwingine yeyote. Mshahara unaingia kwenye akaunti yenye jina langu. Wiki hiyohiyo nauhamishia kwenye akaunti ya jumuiya na hati ya mshahara namkabidhi mweka hazina. Sista mwalimu anafanya vivyo hivyo. Sista wa mifugo hana hati, yeye analeta hela ya nguruwe na ya mayai. Tuko tisa ndani ya nyumba na wanaoleta fedha taslimu ni wanne tu. Watano waliobaki, yupo anayefundisha katekesi parokiani bila malipo, yupo masomoni, yupo wa bustani, yupo wa jikoni na sakristia, na yupo sista wetu mkongwe wa miaka 84 ambaye siku nzima anakaa mezani akichambua hostia, vile vimkate vyembamba vya Komunyo.

Hapo kwenye hostia nisimame kidogo, maana wengi mnazipokea Jumapili na hamjui zinakotoka. Ni unga wa ngano na maji, basi, hakuna kingine. Uji wake unamiminwa kwenye chuma cha moto chenye michoro ya msalaba, unafunikwa, unatoka mkate mwembamba kama karatasi. Unaachwa upate unyevu kidogo usije ukapasuka, ndipo unakatwa vile viduara. Sista mkongwe anazipitisha kwenye vidole moja moja. Iliyovunjika ukingo anaiweka kando, nzima anaitia kwenye kopo. Macho yake yamefifia, kwa hiyo anazichambua kwa ncha za vidole, na hakosei. Yale mabaki yaliyokatwa pembeni tunawapa watoto wa Utoto Mtakatifu wakija Jumamosi, na wanayagombania kuliko biskuti. Parokia zinanunua hostia, na hela yake nayo inaingia mfuko uleule wa mshahara wangu.

Mfuko ni mmoja. Sehemu inapelekwa nyumba mama, yaani makao makuu ya shirika: huko kuna wanovisi, mabinti wanaolelewa kabla ya nadhiri, ambao hawaingizi chochote, kuna masista wagonjwa, kuna wazee ambao ujanani mwao walifanya kazi kwenye zahanati za misheni bila kukatiwa mafao ya uzeeni. Inayobaki ni luku, unga, dizeli ya gari, mshahara wa mlinzi, ukarabati wa paa. Sabuni na dawa ya meno zinatoka stoo. Mwisho wa mwezi kila mmoja anapewa posho ndogo, kwetu ni shilingi 15,000, sawa kwa mimi ninayeleta mshahara na sawa kwa anayepalilia kabeji. Zaidi ya hapo unaomba. Nina miaka 39, usiku nawazalisha wanawake na maisha yao yako mikononi mwangu, na asubuhi nabisha hodi kwa mkubwa wa jumuiya kuomba hela ya viatu. Watu wanatuuliza kuhusu useja kila siku. Kuhusu viatu haulizi mtu.

Kiswahili kimetupatia neno ambalo mimi nalipenda sana. Kundi letu la watawa tunaliita shirika. Sasa fungua Matendo ya Mitume 4:32, Wakristo wa kwanza "walikuwa na vitu vyote shirika". Neno ni hilohilo. Novisi wa kwetu akiuliza shirika maana yake nini, namwambia asome mstari huo kabla hajasoma katiba. Na jambo hili halikuanza na sisi. Mtakatifu Benedikto, aliyeandika Kanuni yake karne ya 6, katika sura ya 55 alitaja hadi vitu ambavyo mtawa apewe: kanzu, viatu, mkanda, kisu, kalamu, sindano, leso, vibao vya kuandikia. Alivitaja ili asiwepo mwenye kisingizio cha kujiwekea vyake chini ya godoro. Na sura ya 34 ndiyo inayonigusa mimi zaidi. Anasema kila mtu apewe kadiri ya uhitaji wake, anayehitaji kidogo amshukuru Mungu na asihuzunike, anayehitaji zaidi anyenyekee kwa ajili ya udhaifu wake. Mimi si Mbenediktini, lakini mlezi wetu wa novisiati alitusomea sura hiyo mara nyingi.

Ni rahisi kuisoma. Sasa nieleze siku iliponiuma.

Nilikuwa mwaka wa pili wa nadhiri za muda, zile zinazorudiwa kila mwaka kabla ya nadhiri za daima. Uuguzi nilikuwa nimeusomea kabla ya kuingia utawani, kwa hiyo mshahara nilikuwa tayari napokea. Baba yangu alikuwa mpasua mbao, akaanguka, mgongo ukaharibika. Mdogo wangu alikuwa kidato cha pili, na hiyo ilikuwa kabla ya elimu bila malipo ya 2016, kwa hiyo kulikuwa na ada, na bweni, na michango isiyokwisha. Mama akanipigia. Nikaenda kwa mkubwa wetu wa wakati ule, nikaomba. Akanisikiliza vizuri, akaniambia ndani ya mwezi ule ombi langu lilikuwa la nne la aina hiyo. Sista mmoja baba yake alikuwa anasubiri upasuaji, mwingine kwao nyumba ilikuwa imeungua. Mfuko hautoshi wote, na kama wote hautoshi, akasema, kwa ada hatatoa kwa yeyote. Nikaondoka na elfu thelathini.

Siku mbili baadaye mshahara ukaingia. Nilikuwa mjini kumnunulia daktari vifaa, kadi ya benki ninayo. Nilisimama kwenye mashine, salio likaonekana, na lilikuwa linatosha ada ya mwaka mzima na kubaki. Nyuma yangu kijana ananiambia, "Sista, umemaliza?" Nikatoa kadi. Sikuchukua kitu. Mdogo wangu akaacha shule.

Baada ya hapo sikuweza kusali. Sisi Masifu, sala yetu ya zaburi, tunayasali kwa pande mbili, upande huu unasema ubeti, upande wa pili unaitikia. Kwa majuma matatu upande wangu ulipungukiwa sauti moja. Kengele ikilia saa 10 na nusu alfajiri niliamka kama wengine, nikasimama, nikainama penye Atukuzwe Baba, nikaketi, ila mdomo ulikataa kufunguka. Zaburi haikusimama kwa ajili yangu. Wenzangu waliibeba. Yule sista mkongwe anakaa kiti cha kushoto kwangu, na hakuniuliza neno. Ila kila alfajiri nilikuta kitabu changu kimefunguliwa na utepe umelazwa kwenye ukurasa wa siku hiyo. Mimi nilikuwa nafika wa mwisho, makusudi, na kitabu kinanisubiri kimefunguka. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba alikuwa anamwomba sista wa sakristia amtajie namba ya ukurasa, kisha anapapasa tepe kwa vidole vilevile vya kuchambulia hostia, anahesabu. Yeye asiyeona herufi ndiye aliyekuwa ananitafutia mahali pa kusomea.

Siku moja nikajikuta nimeitikia ubeti. Simaanishi kwamba nilikubali uamuzi ule. Mpaka leo sina hakika kama ulikuwa wa haki. Lakini nilibaki, na sababu mojawapo ya kubaki ni ule utepe.

Naomba niishie hapa kwanza, zamu ya usiku inaanza. Ulizeni, nitajibu nikitoka.

---

Mwana Ludewa

Sista, Milele amina. Nimesoma mara mbili. Mdogo wako yuko wapi sasa? Mnaongea?

---

Chuma cha Moto

Sista nakuheshimu na kazi yenu naiheshimu, mke wangu amejifungulia kwa masista watoto wote watatu. Ila niseme ukweli wangu. Mtu anafanya kazi, mshahara anachukua mwingine, yeye anapewa elfu kumi na tano na akitaka viatu anaomba. Kwa kijijini kwetu hilo lina jina lake. Ni utumwa. Na haya mambo ya utawa tuliletewa na Wazungu, Mwafrika hakuwa na kitu kama hicho.

---

Mstaafu wa Songea

Kwa hao wanaosema zinakwenda Roma, waje Songea niwatembeze. Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes, wa Chipole, shirika lililoanza 1938, wamejenga mtambo wa umeme wa maji Tulila, kwenye mto Ruvuma. Awamu ya kwanza ni megawati 5, ulianza kazi 2015 na umeme wake ananunua TANESCO. Wakati ule gridi ya Taifa ilikuwa haijatufikia, njia ya Makambako hadi Songea ilikamilika 2018. Tulikuwa tunaishi kwa majenereta ya dizeli na giza la zamu. Mimi nilikuwa nasahihisha mitihani kwa taa ya chemli. Hela za masista wale naziona kila ninapowasha swichi.

---

Sista wa Wodi ya Wazazi

Nimetoka zamu, nimelala kidogo, nipo. Usiku wa jana tumepokea wanne, mmoja mapacha. Wote wazima, Mungu ashukuriwe.

Mwana Ludewa, tunaongea. Aliendesha bodaboda miaka kadhaa, sasa ana kibanda cha kutengeneza pikipiki na anaendelea vizuri. Lakini akilewa ananikumbusha ile ada, na mimi namsikiliza mpaka amalize. Sijawahi kumwambia kwamba alikosea kukasirika. Shamba la baba nimemwachia alitumie yeye, nitalieleza chini. Wazazi nao niliwaandikisha kwenye bima yangu ya afya, kwa kuwa bima ya mtumishi inaruhusu wategemezi, na mimi sina mume wala watoto wa kuwaandika. Jumuiya haikupinga. Baba alitibiwa kwa kadi hiyo mpaka siku ya mwisho.

Alipofariki nilikuwa leba. Mkubwa wa jumuiya, mwingine sasa, alikuja mwenyewe wodini, akasubiri nimalize kufunga kitovu cha mtoto, ndipo akanishika mkono. Alfajiri ileile tulikuwa njiani, masista sita kwenye pikapu, nyuma sufuria mbili kubwa, gunia la mchele na maharage ya shamba letu. Walipika msibani siku tatu. Shangazi yangu, ambaye tangu niingie utawani alikuwa anasema "wametuchukulia mtoto", alikaa na sista wa mifugo jikoni wakimenya viazi, na siku ya kuondoka alimpa jogoo. Nyumbani kwetu wanamtaja sista yule kwa jina kuliko wanavyonitaja mimi.

Ndugu yangu Chuma cha Moto, neno utumwa sitalipita haraka, kwa sababu umelisema kwa heshima na kwa sababu ni neno zito katika nchi yenye Bagamoyo. Nikiwa novisi tulipelekwa huko kuhiji, tukasali kwenye makaburi ya wamisionari. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliokuja Bagamoyo mwaka 1868 walikuta njia imeshafunguliwa Zanzibar. Mwaka 1860 walifika pale mapadre kutoka kisiwa cha Réunion pamoja na masista sita wa shirika la Mabinti wa Maria. Shirika hilo lilianzishwa Réunion mwaka 1849, na utumwa kisiwani humo ulikuwa umefutwa mwaka mmoja tu kabla, 1848. Tangu mwanzo lilipokea wanawake waliokuwa watumwa wakae meza moja na binti za wenye mashamba, wavae vazi moja na waitane dada. Kwa watu wa wakati ule ilikuwa kashfa. Kwa hiyo masista wa kwanza kukanyaga pwani yetu walitoka katika shirika ambalo aliyewahi kuuzwa sokoni aliweza kusema nadhiri kwa hiari yake mwenyewe.

Hiari ndiyo tofauti, ndugu yangu. Kwa sheria ya Kanisa sikuruhusiwa kuanza unovisi kabla ya kutimiza miaka 17, wala kuweka nadhiri za kwanza kabla ya 18, wala za daima kabla ya 21. Unovisi usipungue miezi 12, na kwetu ni miaka miwili. Nadhiri za muda zisipungue miaka mitatu. Kila mwaka wa nadhiri za muda niliandika barua kwa mkono wangu kuomba kurudia, na ningeweza kutoandika. Ule mwaka wa ada niliiandika mara tatu nikaichana. Ya nne nikaipeleka.

Hata hivyo nakubaliana nawe jambo moja. Panapokuwa na mtu mmoja mwenye kutoa na wengine wenye kuomba, kuna hatari. Mkubwa anaweza kuwa na kipenzi chake. Anaweza kuchelewesha kukujibu ili ujue nani mkubwa. Nimeyaona, na hayo yanakosesha usingizi kuliko njaa. Nyumba yetu ya sasa tunasomewa hesabu za mwezi wote tisa, mezani, kila aliyepewa na alichopewa. Tangu tuanze hivyo ugomvi umepungua sana. Umebaki ugomvi wa ugali. Tuna Mnyakyusa, Wabena, Wangoni na Mhaya, na kila mwenye zamu ya jikoni anasonga wa kwao.

---

Niliyetoka

Dada yangu sista, nami nilikuwa huko. Miaka tisa, shirika jingine, silitaji. Nilifundisha shule ya msingi miaka sita na mshahara wote ulikwenda nyumba mama. Nilipoona siwezi kuendelea niliomba ruhusa ya kutoka kwa utaratibu. Siku ya kuondoka nilipewa begi, nguo mbili na nauli mpaka kwetu. Nilikuwa na miaka 34. Sikuwa na kitanda. Nilikuwa sijui hata bei ya kupanga chumba. Mama alinipokea, majirani walisema nimefukuzwa kwa sababu ya mwanamume. Naipenda sala mpaka leo, Masifu nasali mwenyewe kwenye simu. Lakini ukiandika habari za mfuko mmoja, andika na hiki.

---

Sista wa Wodi ya Wazazi

Dada, nimesoma ujumbe wako nikatoka nje kwanza.

Naandika na hiki. Kanuni ya 702 ya sheria ya Kanisa ina sehemu mbili. Ya kwanza inasema anayetoka hawezi kudai chochote kwa kazi aliyofanya ndani ya shirika. Hiyo wakubwa wengi wanaijua vizuri. Ya pili inasema shirika limtendee aliyetoka kwa haki na kwa upendo wa kiinjili. Hiyo ya pili si pambo. Mtu ametoa miaka tisa ya ujana wake, shirika limekula jasho lake, basi apewe pa kuanzia: kodi ya miezi kadhaa, godoro, vyombo, barua ya utambulisho kazini, na mtu wa kumpigia simu. Nauli na begi havifiki hapo. Sina maneno ya kuwatetea waliokufanyia hivyo na sitayatafuta. Ni dhambi dhidi ya mstari uleule wa Matendo ya Mitume tunaoupenda.

Kwetu alitoka mwenzangu tuliyeweka naye nadhiri siku moja. Alisaidiwa cherehani na mtaji kidogo wa vitambaa. Anatushonea mavazi mpaka sasa, na tunamlipa. Jina lake bado tunalitaja kwenye sala ya jioni, siku ileile tunayowaombea walio ndani.

Naomba nikutumie ujumbe binafsi kama utaruhusu.

---

Niliyetoka

Nimeruhusu. Asante.

---

Mtoto wa Ngamiani

Assalam alaykum Sista. Mimi Muislamu, wa Tanga, na mkunga aliyenipokea duniani alikuwa sista, mama yangu mpaka leo akipita pale anasimama kumtaja. Swali langu ni la mirathi. Sisi binti ana fungu lake na limeandikwa. Wewe baba amefariki, fungu lako umeliacha vipi? Linakuwa la Kanisa?

---

Sista wa Wodi ya Wazazi

Waalaykum salaam, kaka, na mfikishie mama shikamoo yangu.

Watu wengi wanadhani shamba la baba linakuwa la Kanisa. Kwa mashirika kama letu haiko hivyo. Ninachopata kwa kazi yangu, na pensheni yangu siku ikifika, ni vya shirika. Lakini mali ya urithi inabaki yangu kwa jina, ila siwezi kuisimamia wala kuitumia. Kabla ya nadhiri za kwanza unaandika nani ataisimamia na nani ataitumia. Mimi nilimwandika mdogo wangu kwa lolote litakalokuja. Wakati huo alikuwa bado anasoma na baba ni mzima, niliandika kutimiza tu utaratibu. Kisha kabla ya nadhiri za daima unaandika wosia, na lazima uwe halali pia kwa sheria ya nchi. Kwa hiyo ekari mbili zangu analima yeye, ameotesha parachichi, na nikifa ni zake. Yapo mashirika ambayo mtawa anaachia vyote moja kwa moja, hayo yana utaratibu wake.

---

Baba wa Mafinga

Sista, shikamoo yako naipokea kama ungekuwa unanisalimia, maana nina miaka 61. Nimekuwa nasoma kimya tangu juzi. Binti yangu wa pili amemaliza chuo mwaka jana, ualimu. Ana mkopo wa Bodi ya Mikopo. Sasa ameniambia anataka utawa, na barua ya kukubaliwa kuanza uaspiranti, hatua ya mwanzo ya malezi, ameshapata, anaondoka mwezi ujao. Mama yake analia kila jioni. Mimi silii, ila nina maswali mawili. Deni hili itakuwaje? Na nimnunulie nini?

---

Sista wa Wodi ya Wazazi

Shikamoo mzee wangu.

Deni kwanza, kwa sababu hilo ni la maana na watu wanalificha mpaka linalipuka. Kanuni ya 644 inakataza wakubwa wa shirika kumpokea kwenye unovisi mtu mwenye madeni asiyoweza kuyalipa. Haimaanishi kwamba binti yako amefungiwa mlango. Inamaanisha lisemwe mapema. Mwambie sasa hivi, kabla hajafunga begi, ampigie mlezi wa waaspiranti amtajie kiasi kamili. Mashirika hayafanani. Mengine yatamwambia afanye kazi kwanza miaka miwili mitatu apunguze deni, halafu aje. Mengine yanampokea, na baadaye akiajiriwa makato ya Bodi yanakatwa kwenye mshahara kama kwa mtumishi yeyote, na shirika linapokea kilichobaki. Wapo pia wazazi wanaosema watalipa wao. Mzee wangu, hilo usiahidi kama huwezi. Nimeona binti akirudishwa nyumbani mwaka wa pili kwa sababu hiyo, amekwisha kuzoea, na maumivu yake ni makubwa kuliko kusubiri.

Akiambiwa asubiri, asione aibu. Mimi nilisubiri mwaka na nusu.

Mama yake mwache alie. Wangu alilia mpaka siku ya nadhiri za daima. Tulipolala kifudifudi mbele ya altare wakati wa Litania ya Watakatifu nilimsikia kutoka benchi la tatu. Kinachomsaidia mama ni kwenda kuona. Mwombe mlezi ruhusa mkamsindikize wote wawili, mlale hata usiku mmoja nyumba ya wageni, mama aone anapolala mwanawe, aone jiko, aonje chakula. Mama yangu alitulia kidogo alipogundua tuna ng'ombe wa maziwa.

Kuhusu vitu, barua ya kukubaliwa huwa ina orodha yake, ifuateni hiyo. Mkiongeza, ongezeni hivi tu: sweta mbili nzito, maana nyumba nyingi za malezi ziko kwenye baridi na alfajiri kikanisani sakafu ni ya saruji. Kandambili imara. Tochi. Sindano na uzi. Blanketi la nyumbani, lenye harufu ya nyumbani, hilo mwezi wa kwanza litamsaidia. Vyeti vyake vya shule, cha ubatizo na cha kipaimara, nakala na vyenyewe. Daftari moja jipya. Simu ya bei asimnunulie mtu, atatakiwa kuikabidhi, na wenzake wengine hawana.

Na mzee wangu, nakuona unavyofikiria, kwa sababu baba yangu alifanya hivyo, aliuza mbao akaninunulia sanduku kubwa la chuma na godoro jipya la inchi sita. Sanduku lilikwenda stoo ya nyumba mama na mpaka sasa wanatunzia unga wa hostia. Godoro lilipelekwa chumba cha wagonjwa wiki ileile. Usinunue godoro. Yapo.